Nani Amemroga? Ugonjwa Uliofichika na Dhambi ya Dhana

Miongoni mwa maswali waulizayo ndugu wapya walioingia katika Uislamu, na hata wale ambao bado wanauchungua kutoka mlangoni, liko moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Swali lenyewe ni hili: Mtu akipatwa na ugonjwa wa ajabu, akaenda hospitali na asiambiwe jina la ugonjwa wake, je, ni halali kwake kumtafuta aliyemroga?

Swali hili si la mzaha. Anayeuliza huwa na mtoto kitandani au mke asiyelala usiku. Kumjibu kwa kumcheka, au kumwambia tu kwamba imani yake ni haba, si kumtendea haki. Basi inafaa tulitazame jambo lenyewe kwa makini, kwanza kwa jicho la elimu, kisha kwa nuru ya Kurani Tukufu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Natufikirie nyumba moja ya kupanga huko Mabibo, katika jiji la Dar es Salaam: vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, na bomba moja la maji. Mfano huu ni wa kufikiriwa tu, lakini msomaji atajua mwenyewe kama amepata kuona unaofanana nao.

Katika chumba cha mbele yumo binti wa miaka kumi, mpole, mwenye kuandika vizuri darasani. Siku moja kikombe kinamponyoka mkononi. Kesho yake sahani. Wiki ile ile mwandiko wake unaharibika, na mwalimu, akidhani ni utundu, anamchapa. Kisha uso unaanza kukunjamana wenyewe, mabega yanaruka, mikono inacheza pasipo yeye kutaka. Akitoa ulimi, hawezi kuutuliza. Mara analia, mara anacheka, bila sababu. Lakini akilala usingizi, yote hutulia. Jambo hili la mwisho ndilo linalomtisha mama kuliko yote, kwani waliomzunguka wanamwambia, “Unaona? Pepo naye amelala.”

Katika chumba cha uani anakaa bibi mmoja mjane, akaangaye maandazi alfajiri. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Hana mtoto wala ndugu wa karibu. Wanakumbuka sasa kwamba alikuwa akimpa yule binti andazi kila asubuhi. Mganga anapiga ramli na kusema, “Ni mtu mzima, hayuko mbali, na macho yake ni mekundu.” Jioni ile vyombo vya bibi vinatupwa nje. Miezi michache baadaye binti anatulia, anaandika tena kama zamani. Nyumba nzima inasema, “Imethibitika!”

Je, imethibitika?

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tuliouelezea unajulikana. Mwaka wa 1686 daktari Mwingereza aitwaye Thomas Sydenham aliueleza katika maandishi yake, na hata leo madaktari wanautaja kwa jina lake. Kabla ya hapo, na hata baada yake, watu wa Ulaya waliuhusisha na Mtakatifu Vitus, na ukaitwa ngoma yake. Basi wasidhani Waafrika kwamba ni wao peke yao waliopata kuona pepo mahali palipo na maradhi, wala wasidhani Wazungu kwamba babu zao walikuwa na akili nyingine.

Asili yake ni kijidudu kidogo sana, bakteria aitwaye streptokokasi, ambaye huingia kooni mwa mtoto na kumletea mafindofindo. Mwili hutengeneza silaha za kumpiga adui huyo. Lakini baadhi ya sehemu za kijidudu zinafanana na sehemu za mwili wa mtoto mwenyewe. Katika watoto wachache, ile kinga ya mwili hudanganywa na mfanano huo, ikawageukia wenyeji: ikapiga viungo vya magoti na vifundo, ikapiga moyo, na wakati mwingine ikapiga ile sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mikono na miguu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Watu wengi huijua kwa maumivu ya viungo. Wachache hujua kwamba yaweza kuja na uso huu mwingine, bila homa na bila maumivu, kwa mikono ichezayo tu. Huwapata zaidi wasichana, nao huweza kuonekana miezi kadhaa baada ya koo kupona, hata hapana mtu akumbukaye kwamba mtoto aliwahi kuumwa koo.

Sasa tazama, ndugu msomaji, mambo mawili. La kwanza: michezo hiyo ya mikono kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya wiki au miezi, awepo mganga au asiwepo, afukuzwe bibi au asifukuzwe. Basi kule kupona kwa binti hakukuthibitisha chochote juu ya yule mjane. Jogoo akiwika na jua likachomoza, si jogoo aliyelileta jua.

La pili ni zito zaidi. Mikono imetulia, lakini moyo huenda umeachwa na jeraha. Milango ya moyo yaweza kuharibika polepole, na kila mara yule kijidudu akirudi kooni, madhara huongezeka. Kinga yake ni sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Dawa hii ni ya zamani, na haihitaji mitambo mikubwa. Lakini nani atampeleka kudungwa sindano binti ambaye nyumba nzima imeridhika kwamba alirogwa na kwamba mchawi amekwisha fukuzwa? Miaka kumi baadaye, akiwa na mimba yake ya kwanza, anashindwa kupumua. Wenye bahati hufika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Muhimbili mwaka wa 2015, na humo wako wafanyiwao upasuaji wa milango ya moyo. Lakini ni wangapi hawafiki?

Basi ile tuhuma ilidhulumu watu wawili. Ilimnyang'anya bibi nyumba yake, na ilimnyang'anya binti dawa yake. Hivi ndivyo ilivyo dhana: humwumiza anayeshukiwa, wala haimwachi salama yule inayedai kumtetea.

NYUSO NYINGINE

Ugonjwa huo hauko peke yake. Liko kundi zima la maradhi ambamo mwili hujipiga wenyewe, na mengi kati yake huja kwa nyuso zisizotarajiwa.

Uko ugonjwa uitwao lupasi, jina la Kilatini lenye maana ya mbwa-mwitu. Katika kila wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, na wengi huwapata wakiwa bado vijana. Mmoja huanza kwa wekundu au weusi juu ya mashavu yote mawili, uzidio akikaa juani. Mwingine huanza kwa kunyonyoka nywele, mwingine kwa homa na kukonda hata watu wakamdhania ana kifua kikuu au UKIMWI, mwingine kwa kuvimba miguu kwa sababu figo zimeguswa. Na wako waanzao kwa kuchanganyikiwa akili, wakasikia sauti zisizokuwapo. Leo ni goti, kesho ni mkono, kesho kutwa ni kifua. Ugonjwa uhamao namna hii, katika mitaa yetu, ni nadra kukosa kuitwa “ugonjwa wa kutupiwa”.

Uko mwingine ambao daktari Graham Hughes na wenzake wa London waliueleza mwaka wa 1983, ambamo damu huganda mahali isipopaswa. Mwanamke aliye nao huweza kupoteza mimba moja baada ya nyingine, na hali yeye mwenyewe aonekana mzima. Ni mawifi wangapi, ni mama wakwe wangapi, ni wake wenza wangapi, wamekwisha ambiwa kuwa “wanakula mimba” za maskini huyo!

Na mwaka wa 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa wa ubongo ambamo msichana aliyekuwa mzima hubadilika ghafula, akasema maneno yasiyo na maana, akaona visivyoonekana, akakaza viungo na kukunja uso. Kabla ya hapo wangapi walifungwa kamba na kupungwa pepo? Na kumbe wengi, wakitibiwa mapema, hurejewa na akili zao.

Hata yale macho mekundu, ambayo yamewagharimu vikongwe wengi maisha yao, husababishwa na moshi wa kuni, na wakati mwingine na baridi yabisi yenyewe, kwani ugonjwa wa viungo waweza kuingia machoni. Taarifa za serikali zilizokusanywa baina ya mwaka wa 1970 na 1984 zilionyesha kwamba katika Tanzania Bara watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa yao katika nchi ya Wasukuma. Tufikiri juu ya idadi hiyo. Kila mmoja wao alikuwa mama au baba wa mtu, na kila mmoja alihukumiwa bila shahidi.

KURANI TUKUFU YASEMAJE?

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat (49:13) anawaamuru waumini wajiepushe sana na dhana, na anawajulisha kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Na katika Sura Bani Israil (17:37) anakataza mtu kufuata asilolijua, na anaonya kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Angalieni upana wa amri hii. Haikusema kwamba tusifuate tusilolijua isipokuwa tukiwa na huzuni, au isipokuwa mtoto wetu akiwa mgonjwa. Huzuni humfanya mtu astahili kuhurumiwa. Haimpi ruhusa ya kumtuhumu jirani.

Alipofariki Ibrahimu, mwana mdogo wa Mtume Muhammad s.a.w., jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Lau Mtume s.a.w. angekuwa mtu mwenye kutafuta sifa, angenyamaza tu, na maneno hayo yangemwinua. Lakini katika saa ile ya uchungu, aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mambo ya maumbile yana sababu zake, na haifai kuyapachika juu ya watu. Huyu ndiye mwalimu wetu. Na alifundisha haya kaburi la mwanawe likiwa bado bichi.

Ni yeye pia aliyetujulisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na aliyetuonya kwamba mtu aendaye kwa mpiga ramli na kumwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arobaini. Maneno haya mawili yanakwenda pamoja. La kwanza latufungulia mlango wa kutafuta dawa, na la pili latufungia mlango wa kutafuta mtu wa kulaumiwa.

Hapa tusichanganye mambo. Kukataa ramli si kukataa miti shamba. Huko huko Mabibo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo cha kuchunguza dawa za asili, na kazi hiyo ni njema, kwa maana jani na mzizi ni vitu viwezavyo kupimwa. Mwenye kutoa dawa hujibu swali la “ni nini?” Mpiga ramli hujibu swali la “ni nani?”, na jibu lake haliwezi kupimwa na mtu yeyote. Humo ndimo hatari ilimo.

“LAKINI KURANI YAUTAJA UCHAWI”

Mwulizaji atasema: Mbona Kurani yataja uchawi? Mbona twafundishwa kuomba ulinzi na shari ya wapuliziao mafundoni?

Ni kweli imetajwa. Lakini imetajwaje? Wachawi wa Firauni, kwa maelezo ya Kurani, waliyahadaa macho ya watu. Kamba zao zilibaki kamba. Na wapuliziao mafundoni, kwa maelezo ya wafasiri wa Jumuiya yetu, ni wale wapulizao fitina katika mafundo ya udugu, ndoa na ahadi, wakayalegeza. Ukiielewa aya hivi, utaona ajabu: katika ile nyumba ya Mabibo alikuwapo kweli mpuliza mafundoni, naye ndiye yule mpiga ramli, aliyekata fundo la ujirani baina ya mama na bibi.

Tena ni makafiri wa Makka waliosema kwamba Mtume s.a.w. ni mtu aliyerogwa, na Kurani iliyataja maneno hayo kuwa ni ya madhalimu (17:48). Na ni wao waliomwita majnuni, yaani mwenye kupagawa na jini. Basi mtoto wako akiitwa jina hilo na watu wa mtaa, ujue kwamba liliwahi kutupiwa aliye bora kuliko sote, nalo lilikuwa uongo.

Ama kuhusu majini, neno lenyewe katika Kiarabu lina asili ya maana ya kufichika. Wafasiri wetu wameeleza kwamba hutumika kwa vitu mbalimbali vilivyofichika na macho, na miongoni mwavyo ni vijidudu visivyoonekana. Kwa maana hiyo aliyesema kwamba binti yule alipatwa na kitu kilichofichika hakuwa mbali na ukweli. Alikosea anwani tu. Kilichofichika kilikuwa kooni mwa mtoto, si chumbani mwa bibi.

JE, NI ADHABU?

Wengine huepuka kumlaumu jirani, lakini hugeuka kumlaumu mgonjwa: “Ametenda nini hata Mungu amwadhibu hivi?” Nalo hili ni dhana. Seyidna Ayubu a.s. aliugua na kuteseka, naye alikuwa mteule wa Mungu. Na Mola wake hakumwonyesha adui wa kulipiza kisasi, bali alimwonyesha maji baridi ya kuoga na kunywa (38:43). Seyidna Ibrahimu a.s. alisema juu ya Mola wake kwamba yeye anapougua, ni Yeye amponyaye (26:81). Ugonjwa aliunasibisha na nafsi yake, na uponyaji kwa Mungu.

Na Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s. (1835–1908), alikuwa na maradhi mawili ya kudumu, kizunguzungu katika sehemu ya juu ya mwili, na kukojoa mara kwa mara katika sehemu ya chini. Hakuyaficha. Alieleza kwamba hayo ndiyo yale mavazi mawili ya rangi ya manjano ambayo Hadithi ilisema Masihi atashuka akiwa ameyavaa. Ikiwa ugonjwa waweza kuwa vazi la mjumbe wa Mungu, nani atathubutu kuufanya ushahidi wa dhambi ya binti wa miaka kumi?

Lakini kwa nini Mungu Mwenye rehema aumbe mwili uwezao kujipiga? Jibu ni kwamba kinga hiyo hiyo ndiyo ituwekayo hai. Kila siku hupigana na maadui wasiohesabika, nasi hatujui. Bila uwezo wake wa kutambua adui kwa dalili ndogo, hapana mtoto angefika umri wa kutembea. Mara chache hukosea, na kosa hilo huuma sana; lakini sheria iliyo rehema kwa wote haiachi kuwa rehema kwa sababu ya uzito wake juu ya wachache. Na Mungu aliyeiweka sheria hiyo ndiye aliyempa binadamu akili ya kuitafutia dawa, na moyo wa kuwahudumia wale wachache.

MWILI MMOJA

Mtume s.a.w. aliwafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikiumwa, vingine vyote hukesha kwa homa pamoja nacho. Sasa tumekwisha ona kwamba mwili waweza kupatwa na maradhi ya namna nyingine, ambayo mlinzi, kwa kudanganywa na mfanano, humpiga mwenye nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu Mjerumani Paul Ehrlich alifikiri kwamba mwili huogopa kabisa kujidhuru namna hiyo. Baadaye ikadhihirika kwamba hofu hiyo yaweza kushindwa.

Na jamii vilevile. Bibi yule hakuwa adui. Alikuwa kiungo cha nyumba ile, naye alilisha mtoto wao. Alifanana tu na adui waliyemwazia: mzee, pweke, macho mekundu. Nyumba ikampiga kwa mfanano. Basi ugonjwa wa binti na ugonjwa wa nyumba ulikuwa wa aina moja. Tofauti ni kwamba binti hakuwa na hiari, na nyumba ilikuwa nayo. Kinga ya mwili haina amri ya kuchunguza kabla ya kupiga. Sisi tunayo.

LA KUFANYA

Basi, ndugu mwulizaji, jibu la swali lako ni hili: Si halali. Lakini jibu hilo lisibaki tupu. Mpeleke mgonjwa hospitali, na usiposikia jina la ugonjwa siku ya kwanza, rudi. Kwani maradhi haya hujificha hata machoni pa madaktari, na mara nyingi hutambulikana kwa kufuatiliwa. Andika alianza kuumwa nini, na lini, na je, aliumwa koo miezi iliyopita. Mtoto akibadilika mwandiko na kuangusha vyombo, asichapwe kabla ya kupimwa. Akipewa sindano za kila mwezi, zisikatizwe kwa kuwa anaonekana mzima. Si kila atetemekaye ana ugonjwa huu, na kupima ni kazi ya wenye elimu.

Na katika zile siku ambazo hapana ajuaye, jifunze kusema “sijui”. Neno hili ni fupi, lakini ni ibada. Mwenye kusema “Allahu aalam” kwa moyo wa kweli amejikinga yeye na amemkinga jirani yake. Omba dua usiku, tafuta dawa mchana, na baina ya hayo mawili usimweke mtu wa kumshuku. Na kama katika nyumba yako au mtaa wako yuko mzee aliyetupiwa vyombo nje, nenda ukamrudishe, umsaidie kubeba. Hata kama hukuwa wewe uliyemtoa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape waganga wa kweli elimu na subira, na atutakase nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin.